Ninang'oa Mibuni, Njooni Mnikamate

FADHILA: Haloo, nani mwenzangu?

TUMAINIELI: Huyo ni bibi shamba?

FADHILA: Ndiye, Fadhila hapa. Ongeza sauti kidogo, niko kwa fundi, kuna pikipiki ya mtu inanguruma.

TUMAINIELI: Tumainieli. Wa huku juu, kwenye kahawa.

FADHILA: Aa, mzee wangu. Shikamoo.

TUMAINIELI: Marahaba, mwanangu. Umeamkaje huko Same?

FADHILA: Salama, ni hili joto tu. Nyie wenzetu mnapigwa na baridi.

TUMAINIELI: Baridi ilishahama. Sikiliza, nataka kutoa taarifa ya kosa.

FADHILA: Kosa gani tena? Wamekuibia?

TUMAINIELI: Mkosaji ni mimi. Ninang'oa mibuni.

[Pikipiki inazimwa.]

FADHILA: Unang'oa.

TUMAINIELI: Kwa sururu. Usidhani napunguza matawi ili ichipue upya. Kisiki na mizizi yake. Mstari wa chini wote umeshalala.

FADHILA: Na huo mgongo wako, mzee?

TUMAINIELI: Mwanangu Elibariki kaleta vijana kutoka Maore, wanachimba wao. Mimi nimesimama tu. Wakimaliza anapanda tangawizi.

FADHILA: Basi afadhali umepiga, maana mafunzo ya tangawizi yako karibu, na mbegu safi zita—

TUMAINIELI: Sijakuuliza tangawizi.

FADHILA: Samahani, mzee.

TUMAINIELI: Nimekwambia nimetenda kosa. Wewe ni ofisi. Ofisi inasemaje?

FADHILA: [anacheka kidogo] Mbona unanipa mtihani asubuhi yote hii? Kosa liko wapi? Shamba lako, mibuni yako.

TUMAINIELI: Ehee. Hapo hapo. Rudia.

FADHILA: Nirudie nini?

TUMAINIELI: "Mibuni yako." Nani kakwambia ni yangu? Mwaka wa sabini na nane ulikuwa wapi wewe?

FADHILA: Sabini na nane? Hata mama yangu alikuwa bado anachezea vumbi huko Ndungu.

TUMAINIELI: Basi kaa usikie. Mwaka ule niling'oa mibuni michache, pale kando ya mfereji, nipande maharage. Watoto walikuwa na njaa, na buni huwezi kuichemsha ukampa mtoto. Sijafukia hata mashimo, bwana shamba huyu hapa. Kwa miguu, katikati ya masika, matope yamemfika magotini, na mgambo wawili nyuma yake. Akanitazama, akasema, "Tumainieli, huu si mti wako. Huu ni mti wa taifa." Wakaniteremsha mpaka mjini, nikalala ndani, nikarudi na amri ya kupanda upya.

FADHILA: Walikuonea, mzee.

TUMAINIELI: Walinionea. Na nimewasema maisha yangu yote. Kwenye mikutano, kwenye misiba. Hata kanisani, mpaka mchungaji akaniomba nikae chini. Lakini walikuja.

FADHILA: —akaja nani? Mtandao unakata—

TUMAINIELI: Nasema walikuja.

[Mkwaruzo kwenye laini.]

FADHILA: Sasa nakupata.

TUMAINIELI: Ulipokuwa unazaa, mti wa taifa. Umeugua, umekuwa wangu. Nani aliyenikabidhi? Lini? Mbona sikuitwa kwenye makabidhiano?

FADHILA: Mzee, hiyo sheria hata sijui kama bado ipo. Na kama ipo, nani apande huko kuja kukukamata? Pikipiki yangu ya kazi ndiyo hii fundi ameifungua yote, ipo chini kama mbuzi wa sikukuu. Kata zote za huko juu niko mwenyewe.

TUMAINIELI: Kuna bodaboda.

FADHILA: Nitalipa na nini?

TUMAINIELI: Kuna miguu. Yule alikuja kwa miguu.

FADHILA: Yule alikuwa na mgambo wa kumsukuma akiteleza.

TUMAINIELI: [anacheka, kisha anakohoa] Una mdomo wewe. Haya. Redio inasema kahawa imepanda dunia nzima. Imepanda kwa nani? Huku ugonjwa wa chulebuni umekula matunda, ule wa kutu umekula majani. Dawa nimepiga. Maua yanachanua kwa mvua isiyo yake, kesho yake yako chini. Wewe uliyesoma, nioneshe nilipokosea.

FADHILA: Hujakosea.

TUMAINIELI: Ingekuwa heri nimekosea. Ningerekebisha.

FADHILA: Mwaka jana kwenye semina alikuja mtaalamu kutoka Peru. Amerika ya Kusini huko, wana milima inaitwa Andes. Akasema kwao nako joto linaifukuza kahawa. Wakulima wanaacha mashamba ya chini, wanapanda juu zaidi. Kukipata joto, wanasogea tena.

TUMAINIELI: Wanasogea.

FADHILA: Ile milima haina mwisho, mzee. Alituonesha picha. Mibuni imo ndani ya mawingu, na nyuma yake mlima bado unakwenda.

TUMAINIELI: Hukumwambia habari zetu?

FADHILA: Nilinyoosha mkono. Nikamwambia juu ya mashamba yetu kuna msitu wa hifadhi, hauguswi.

TUMAINIELI: Na juu ya msitu?

FADHILA: Aliniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu, juu ya msitu ni mbingu.

TUMAINIELI: Akasemaje?

FADHILA: Alitazama saa. Ilikuwa saa nne, tukaenda kunywa chai.

TUMAINIELI: Chai.

FADHILA: Ndiyo iliyokuwepo.

TUMAINIELI: Semina ya kahawa.

FADHILA: Mzee, usinisute. Hata mimi nilijisikia vibaya.

CHANDE: [mmoja wa vijana, kwa mbali] Mzee, na huu mstari wa pili tushushe?

TUMAINIELI: Subiri, Chande. Pumzikeni. Naongea na serikali.

FADHILA: Serikali gani, mzee? Mimi nina buti zinavuja.

TUMAINIELI: Mwezi wa tatu ulipita hapa. Ulishika jani, ukaligeuza, ukaliachia. Halafu ukaniambia, "Tutaona, mzee."

FADHILA: Nilisema.

TUMAINIELI: Uliona nini?



FADHILA: Fundi ananiita.

TUMAINIELI: Hajakuita. Ningemsikia.

[Spana inaanguka chini kwa fundi.]

TUMAINIELI: Haya, liache. Sitaki uje, sitaki mgambo. Nataka neno moja. Nimeweka spika, vijana wanasikia. Sema, "Using'oe."

FADHILA: Mzee, hata nikisema, ile mibuni—

TUMAINIELI: Sijakuuliza habari ya mibuni. Wewe ndiye mwenye muhuri. Elibariki hataki kunisikia, wewe atakuogopa. Sema.

FADHILA: Kesho watakuja kuniuliza nilisema hivyo kwa nini.

TUMAINIELI: Nani atakuja? Si umesema hakuna wa kuja?

[Mkwaruzo. Mlio mfupi kwenye simu.]

TUMAINIELI: Hiyo ni vocha inalia. Sema, mwanangu.

FADHILA: Using'oe.

[Mtu anakohoa kwa mbali.]

FADHILA: Mzee? Nimesema.

TUMAINIELI: Nimesikia. Umelisema kama mtu anayetoa pole.

FADHILA: Ndivyo lilivyotoka.

TUMAINIELI: Yule bwana nilimchukia mpaka anazikwa. Lakini aliposema using'oe, nilitetemeka.

FADHILA: Nitapanda Jumatatu, mzee. Nitaomba lifti kwa gari la mbao, nije tuangalie kama hata kona moja inaweza—

TUMAINIELI: Jumatatu uje ufundishe tangawizi. Nitakukorogea uji.

FADHILA: Mzee, usikate kwanza—

TUMAINIELI: Haya, kwaheri, vocha yenyewe ndiyo hiyo. Chande.

CHANDE: Naam, mzee.

TUMAINIELI: Umeisikia sauti yao. Wamesema tuendelee.

FADHILA: Sijasema hivyo. Mzee. Mzee Tumainie—

[Simu imekatika.]