Historia ya Kocha, Msimamizi wa Chumba cha Mashuka

Wasomi wamejaa humu ndani, wengine na miwani kabisa, lakini kazi ya kumweleza marehemu kasukumiwa mama yake mzazi, aliyeishia darasa la pili, eti ndiye aliyemjua tangu mwanzo. Haya, kaandika, mjukuu anasoma, na atakayenuna anune.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Kocha ingawa mpira hakuwahi kuupiga ukafika popote, alizaliwa nyumbani tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa kwanza na wa mwisho, akaja na kelele ambazo hazikukoma. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, hesabu zikampita, ila kwenye redio ya mwalimu wake akaokota misemo ya Kiingereza ya viwanjani na ulingoni, akawa anaigeuza Kiswahili kwa nguvu na kuona kamaliza elimu yote.

Februari 1976 aliajiriwa kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, akawa msimamizi mwaka 1988, na humo, katikati ya mvuke na mashine zinazotetemeka, mfuaji akiomba ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki, Kocha, akitaka kusema aamue mwenyewe, alimjibu, "Mpira uko upande wako, mama," akaenda zake, na mama wa watu akabaki anawauliza wenzake, "Mpira gani tena, jamani?"

Alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981 na fundi cherehani, mwanamke mpole kupita kiasi, wakapata mabinti wawili. Agosti 1994 mama wa fundi akaugua sana, fundi akaomba aende kumwuguza, Kocha akasema amalize kwanza sare za wafuaji, sare zilipokwisha akasema mapazia ya ofisi, na mama yake mzazi Kocha alipomuuliza mbona anamzungusha mwenzake, akacheka, "Mama, Waingereza wanaita kusogeza goli." Habari za msiba zilifika kwa simu ofisini kwake, akazikalia mpaka pazia la mwisho lilipotundikwa, na mkwewe akawa ameshazikwa.

Machi 2019 kiharusi kilimwangusha, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, fundi akamlisha na kumgeuza kitandani bila tusi hata moja. Kocha akaogopa kufa na lile jambo, akaomba msamaha, fundi akamjibu, "Twende kaburini kwa mama, ukaseme ilivyokuwa, na neno la mpira likikutoka tunaanza upya." Walikwenda, na siku ya tatu yake, tarehe 21 Novemba 2019, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba kiti chake cha magurudumu kuvuka mitaro, na wafuaji walioacha mashine wakaja makaburini siku ile ya kuomba msamaha, ingawa wengi mlikuja kutazama.

Na mlitazama. Mbele ya kaburi la mkwewe Kocha alianza, "Mama, nilicheza faulo," fundi akasema, "Anza upya," akaanza, "Nilijifunga mwenyewe," "Anza upya, mume wangu," mvua ikashuka, hakuna aliyefungua mwavuli, yeye analia na mate yanamtoka, mpaka ulimi ule ukasukuma nje, "Nilijua umekufa, nikamficha mwanao, kwa ajili ya mapazia." Fundi akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, akamwambia, "Nimesikia." Nimesamehe hakusema, wala siku mbili zilizobaki hakusema, na Kocha alikufa anamtazama mdomoni.

Pumzika, mwana wa mama yako, kwa amani uliyoachiwa.