Bi. Katunge na Rejista ya Akina Jane

Tarehe 30 Septemba 2011, Bi. Katunge Mbuvi anafunga dirisha la rekodi la kliniki yetu ya Gatina baada ya miaka ishirini na tisa. Alianza akiwa mfagiaji. Mwaka uliofuata aliomba kalamu, na tangu hapo hakuna aliyemwona daktari bila kuulizwa na Bi. Katunge jina, mtaa, na kama amekunywa chai.

Wafanyakazi wapya humwogopa. Ukirudisha faili mahali si pake, atakufuata mpaka chooni.

Desemba 2007 ndiyo iliyotuonyesha yeye ni nani. Asubuhi ya tarehe 31, matokeo ya kura yakiwa yametangazwa na moshi umetanda upande wa Kibera, vijana wenye panga walikuja dirishani kutaka rejista. Walitafuta majina ya watu wa kabila fulani. Wakapekua na kukuta kwamba tangu siku ya kura wanawake wote wanaitwa Jane na wanaume wote Victor, kila mmoja na nambari yake. "Mathe, hii mtaa yote ni Jane?" mmoja akauliza. Bi. Katunge akamwambia kama anaumwa apange laini. Walipoondoka, alikaa chini nyuma ya kabati, nasi tukakaa naye. Majina halisi aliyaweka kichwani, hata sisi hakutuambia.

Saa sita mchana akaingia Jane wa kumi na nne, mama aliyetoroka Kibera kwa miguu. Mgongo ulimuuma, miguu yote miwili ilikuwa na ganzi, na tangu alfajiri alishindwa kukojoa. Dalili hizo zikija pamoja, huenda mishipa ya fahamu imebanwa kwenye uti wa mgongo, na mgonjwa anatakiwa afike kwa mpasuaji siku hiyo hiyo. Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu, ambaye hapa kwetu huitwa daktari, alimdunga sindano ya maumivu, akamwambia arudi baada ya mwaka mpya. Saa nane, mama akiwa bado kwenye benchi, gari la wagonjwa lilipita na dereva akauliza kama kuna wa kupelekwa hospitali. Afisa akasema hakuna. Masikio yake yote yalikuwa kwenye kelele za nje.

Afisa huyo ni mimi ninayeandika. Siku ya nne mama alirudi akibebwa kwa blanketi. Alipasuliwa wakati umepita, na hajatembea tena.

Mwaka 2010 kesi ya uzembe aliyoifungua mama huyo ilifika mahakamani. Wakili wa kliniki alisema rejista haina mtu anayeitwa Risper Oloo, na kweli haikuwa naye. Nilijua ndiye Jane wa kumi na nne, nikanyamaza. Mimi ni Mkikuyu, yeye ni Mjaluo. Niliogopa itasemwa nilimfukuza kwa sababu ya kabila lake, na hofu hiyo ilininyima usingizi na chakula. Bi. Katunge akanijia: "Daktari, kesho mimi nitasema. Ukianza wewe itakuwa poa." Sikuanza.

Yeye pia aliogopa, maana kamati ya kliniki ilikuwa imemdokezea kwamba anachezea kazi yake. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akataja akina Jane wote tangu wa kwanza, jina, mtaa na ugonjwa, bila karatasi. Wa kumi na nne: Risper Oloo, mgongo, miguu, mkojo. Akalitaja na lile gari. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba daktari hakujua kabila la mama huyo, kwani karatasi iliyomfikia ilisema Jane tu. Risper akashinda. Mimi nikabaki na kosa nililofanya, si lile nililoliogopa.

Tangu hapo kila anayeumwa mgongo huulizwa dirishani kama anakojoa vizuri, kwa sauti inayosikika mpaka kituo cha matatu cha 56. Wengi huona haya. Wawili walifika kwa mpasuaji mapema kwa sababu ya swali hilo, na wanatembea.

Leo Risper anakuja na kiti chake cha magurudumu kumvisha Bi. Katunge leso mabegani. Bado naogopa kumtazama machoni, lakini nitakuwepo.

Bi. Katunge, asante. Nenda nyumbani Kitui upumzike, na siku zako zote ziwe njema. Uliniomba jambo moja tu, kwamba safari hii jina lisifichwe. Basi aliyeandika ni Nderitu Mwaniki, afisa wa kliniki, aliyekuwa zamu.