Mtambo wa Jicho la Mzee Bethwel

Benchi la Obura, fundi wa viatu karibu na stage ya matatu za Subukia mjini Nakuru, haliishiwi na wataalamu. Obura mwenyewe huitwa Breki kwa kuwa ulimi wake hauna. Rafiki yake Njuguna wanamwita Profesa, ila chuo alichosomea hakijulikani. Asubuhi hiyo, kahawa mkononi, walikuwa wamemweka kati mzee Bethwel, aliyekuwa anafanyiwa operesheni ya jicho kesho yake. Bethwel alikuja na ombi moja tu, lakini kila akifungua mdomo wanamkatiza.

— Daktari anasema kuna mtambo, alianza. Akiwa anapasua, unapiga jicho picha kwa ndani, tabaka kwa tabaka, anaona kwa skrini hapo hapo. Sasa mimi nilikuwa nataka...

— Tabaka kama za chapati, Profesa akadakia. Hiyo naijua. Inatumia satelaiti.

— Wacha wewe! Breki akasema, nyundo juu. Hiyo inaona kila kitu jicho limewahi kuona. Inarudisha nyuma kama video. Mzee, si daktari ataona vile ulikuwa unaangalia wasichana wa kwaya?

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Bethwel naye akacheka, ingawa moyo wake ulikuwa mzito.

— Wakirudisha nyuma, akasema polepole, watamwona Chepngeno. Waniite na mimi nimwone.

Kicheko kikaisha. Chepngeno, mkewe, walimzika mwaka jana, na Breki na Profesa wote wawili walibeba jeneza.

— Waambie waku-printie picha yake, Profesa akasema kwa upole.

Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja mtupu, akingoja kiatu chake kipigwe gundi.

— Samahani mzee, akasema. Na kesho unapelekwa na nani?

Breki aligeuza kiatu huku na huku. Bethwel aliinamia kikombe. Binti yake yuko Qatar, jicho la pili halioni vizuri, na wiki nzima ameona haya kuwaomba hawa rafiki zake jambo hilo hilo.

— Mimi naogopa hospitali, Profesa akasema mwishowe. Nikisikia tu harufu ya dawa, naanguka. Lakini nitakupeleka. Nitangoja kwa geti.

— Geti ni mbali, Bethwel akasema.

— Basi ndani. Lakini mzee, utanishika mkono.