Evelio Despaigne, Fundi wa Shokapu Aliyeomba Mpaka Jumatatu

Ndugu zetu, majirani wa mtaa wa Los Hoyos, mafundi na waendesha pikipiki mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, mimi ni Odalmis, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa kuwa ni mwalimu na nimezoea kusimama mbele za watu. Naomba mnivumilie, maana iko sehemu niliyoiongeza leo mwenyewe, ambayo hakuna mwanafamilia aliyeiona.

Marehemu Evelio Despaigne Rizo alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Songo, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Eustaquio Despaigne, mchuma kahawa, na mkewe Librada Rizo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Songo, mwaka 1961 akashuka hapa Santiago kukaa na shangazi yake, akaingia shule ya ufundi, na Julai 1964 akahitimu ukerezaji wa vyuma, akiwa wa pili darasani, jambo ambalo hakuacha kulilalamikia hadi uzeeni, kwani wa kwanza, alivyodai, alikuwa na patasi kali zaidi.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana ya reli, akadumu huko miaka ishirini na minane. Tarehe 12 Agosti 1971 alifunga ndoa na mama yetu, Nereida Kindelán, mshonaji, ambaye alizoea kutusimulia kwamba alimkubali kwa sababu ndiye mwanamume pekee mtaani aliyesugua grisi kwenye kucha zake kwa limau kabla ya kuja kumwona. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 3 Mei 1973, na mdogo wangu Yordanis, aliyezaliwa tarehe 27 Novemba 1979.

Mwaka 1992, treni zilipopungua na karakana ikawa haina kazi ya kumpa mtu, baba alirudi nyumbani, akaweka mashine ya kukereza uani, chini ya bati, akaanza kazi ambayo wengi wenu mnamjua kwayo, ya kufufua shokapu za nyuma za pikipiki za zamani, za Kiingereza, za Kicheki na za Kirusi, ambazo nyingine zilikuwa na umri mkubwa kuliko waliozipanda. Vipuri vyake havikuwepo tena popote, na mji huu wote ni vilima, kwa hiyo shokapu ikichoka mtu hushuka mteremko akirushwa nyuma kama aliyepanda mbuzi. Baba aliifungua kila moja, akaibana springi yake kwa ubao na boliti mbili ndefu, akamwaga oili iliyogeuka lami, akachonga pete mpya za raba za kuzuia oili isivuje, na ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, tunayoiita shafti, aliikereza upya kutoka kwenye vyuma vya mashine kuukuu za kunakilia karatasi, kwa sababu alisema hakuna chuma kingine kisiwani kwetu kilichonyooka hivyo.

Ndugu zangu, sasa nafika mwaka 2009.

Tarehe 20 Juni mwaka huo, siku ya Jumamosi, binti yangu Lisandra alikuwa anatimiza miaka kumi na mitano, na mnajua kwa msichana wa kwetu hiyo ndiyo siku ya kuingia utu uzima, sherehe yake kubwa kuliko zote. Keki ilikuwa imeokwa San Luis kwa mama mdogo Zenaida, dada yake mama, na Yordanis ndiye aliyekuwa aifuate kwa pikipiki yake ya Kiingereza ya mwaka 1956, ambayo shokapu zake zote mbili zilikuwa mezani kwa baba tangu Jumatano. Ijumaa saa tisa alasiri nilikwenda uani, nikamkuta ameishika shafti ya kushoto kwenye mwanga, akiigeuzageuza.

Nikamwambia, "Baba, hicho kitu bado tu? Keki itakuja kwa miguu?"

Akaniambia, "Hapa karibu na nyuzi za skrubu pana alama kama unywele, binti. Siipendi. Nipe mpaka Jumatatu nikereze nyingine."

Nikacheka, nikamwambia, "Jumatatu mtoto atakuwa keshazeeka! Wewe baba hata kijiko cha sukari ungekipima mara tatu. Funga hiyo, ni safari moja tu." Akairudisha shafti kwenye mwanga, nikaona hataki, na mimi, badala ya kumwacha, nikampiga pale nilipojua panauma, nikasema, "Wajukuu wa wenzako wanafanyiwa sherehe, wa kwako anafanyiwa ukaguzi."

Aliifunga. Hakuna mwingine aliyekuwepo uani. Yordanis alikuwa kazini, na mama alikuwa ndani kwenye cherehani, akimalizia gauni.

Jumamosi saa nne na robo asubuhi, Yordanis akirudi, katika kona ya tatu ya mteremko wa Puerto Boniato, shafti ya kushoto ilikatika palepale penye nyuzi, upande wa nyuma wa pikipiki ukaporomoka, gurudumu likabanwa, naye akagonga ukuta wa kando ya barabara, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Keki ilikutwa bado imefungwa kwenye siti.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mama alisimama mbele ya baba jikoni akamwambia, "Umemuua mwanangu kwa mikono yako, Evelio." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Baba aliniangalia, mimi nikaangalia vikombe, kisha akatazama chini, akasema, "Ndiyo, Nereida. Kazi ilikuwa yangu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alihamia San Luis kwa dada yake mwezi Februari 2010, na hawakuzungumza tena. Baba alifunika mashine kwa turubai, akakaa miaka miwili akitazama ukuta, mpaka tarehe 5 Septemba 2011 jirani yetu Leovigildo, fundi wa kuchomelea, alipoisukuma pikipiki yake hadi mlangoni na kumfokea, "Wewe Evelio, nusu ya mji inapanda vilima makalio yakigonga chuma, na wewe umekaa hapa unalinda ukuta! Ukuta utakimbilia wapi?" Baba aliinuka. Lakini tangu siku hiyo kila shafti aliilowesha kwa mafuta ya taa, akaifuta, akaipaka chaki na kusubiri, ili kama ina ufa mafuta yajitokeze kwenye weupe, akarudia hivyo mara tatu, na kila aliyemharakisha alimjibu neno moja, "Jumatatu." Mkampa jina la Bwana Jumatatu. Mlicheka, naye alitabasamu kidogo, na mimi nilicheka pamoja nanyi.

Mwezi Oktoba 2022 aligundulika kuwa na kansa ya koo. Alitibiwa kwa kadiri dawa zilivyopatikana, Februari mwaka huu sauti ikaondoka, akawa anaandika kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya wanafunzi wangu. Alifariki jana Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Ameacha mke, binti mmoja na mjukuu mmoja, ambaye yuko ughaibuni na hakuweza kufika.

Mama, umekaa mstari wa mbele na umesafiri kwa lori tangu alfajiri, kwa hiyo ninasema hili ukiwa unaniona. Wiki iliyopita aliandika, "Nereida anakuja?" Nikamwitikia kwa kichwa kwamba uko njiani. Akaandika tena Ijumaa, na tena Jumapili, nami nikaitikia tena. Sikuwa nimekupigia simu. Niliogopa kwamba ukikaa kando ya kitanda chake, na kalamu iko mkononi mwake, ataandika ukweli. Nilikupigia jana, alipokwisha kufunikwa. Miaka kumi na minne alinifichia siri, na mimi nikamnyima hata kukuona wewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea supu na barafu wakati umeme haupo, wastaafu wa reli, na mafundi wote. Tunamshukuru Leovigildo, aliyemnyoa ndevu kila asubuhi hadi siku ya mwisho.

Baba, umechoka, lala salama. Kosa lile lilikuwa langu, na mama sasa anajua.