Mstari Ambao Fomu Haikuuliza

— Nani alikutuma uandike hayo? Fomu ilikuuliza?

— Haikuuliza.

— Sasa?

— Fomu zote nilizojaza maishani zinauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, chama. Nikaona hawa wamesahau mstari.

Aliyekuwa anafoka ni yule tunayemwita Wakili. Sheria hajasoma, alipiga deki ofisi za mawakili hapa Houston miaka kumi na moja. Aliyekuwa anajibu ni babu yangu, mzee Kuang, aliyeongoza taa za reli kwao Hunan, China, mpaka alipostaafu. Walikuwa kwenye benchi mbele ya duka letu la mikate ya mvuke, kama kila asubuhi tangu babu aje mwaka jana, na mimi nilikuwa nawamiminia maziwa ya soya. Wiki iliyopita babu alijaza fomu ya kununua nyumba. Pembeni mwa jina lake akaandika, kwa mwandiko mzuri sana: mwanachama wa chama tawala tangu 1978. Nilimwona. Sikumzuia. Jana tukajibiwa kwamba sheria mpya ya jimbo hairuhusu mtu mwenye uhusiano na serikali ya kwao kumiliki nyumba, na mauzo yamesimama.

— Uhusiano gani? babu akauliza. Mara ya mwisho walinitumia kalenda.

— Kalenda! akaruka Satelaiti, kinyozi wa duka la pili, anayeamini anapigwa picha kutoka angani. Ina picha gani?

— Samaki.

— Samaki wangapi? Mzee, hizo ni ishara!

— Ishara kitu gani, wewe! Wakili akamkatiza. Shida ni bomba la maji. Linatoka jikoni mwa hiyo nyumba linakwenda moja kwa moja hadi kambi ya jeshi. Wanaogopa mzee atatega sikio awasikilize wanajeshi wakioga.

— Mimi? Mkeo akikuita mtaa mzima unasikia, mimi tu ndiye nisiyesikia.

Tulicheka kidogo tu. Babu aliuza nyumba yake ya Hunan ili tununue hii ya hapa. Sasa kule hana pa kurudi, na hapa tunalala watu watano kwenye chumba kimoja nyuma ya jiko.

Yolanda, mama wa posta aliyeanza juzi tu kutuletea barua, alikuwa amesimama akila mkate wake. Akaniuliza kuna nini. Nikamweleza.

— Baba yako si raia wa hapa?

— Ni raia.

— Basi si mtoe tu jina la mzee, anunue baba yako?

Wakili akatazama viatu vyake. Satelaiti akajifanya anatafuta kijiko. Baba alikuwa ndani, kwenye mvuke, na nikajua kwamba amesikia, na kwamba tangu jana amekuwa akiliwaza hilo hilo. Kwetu nyumba inaanza na jina la mkubwa. Mtoto anayemtoa baba yake kwenye karatasi anasemwa kama aliyemtoa nje na godoro lake.

Babu akamaliza kikombe chake, akanipa. Akainuka taratibu, akashika mlango. Baba alikuwa amesimama mbele yake, unga mpaka viwikoni, hajui aangalie wapi.

— Zhenhua, babu akamwambia baba, kalifute jina langu. Ila hiyo karatasi usinionyeshe.