Mzee Mihayo, Ndoo Mbili na Koki Namba 58

Tarehe 31 Desemba 1998 Mzee Mihayo Luhaga, fundi mkuu wa mabomba na majokofu katika Kiwanda chetu cha Minofu cha Ghuba, anastaafu kwa hiari baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi mitano. Kwa muda wote huo daftari la mlinzi linaonyesha kwamba alichelewa kazini mara mbili. Mara ya kwanza mkewe alikuwa anajifungua. Mara ya pili alifika mapema kabisa, ila alisimama nje ya geti akibishana na watu wa barabara juu ya bomba lililokuwa linavuja.

Anayeandika wasifu huu ni mtunza stoo. Wasomaji wanajua kwamba stoo haitoi kitu bila hati, sifa zikiwemo, kwa hiyo yanayofuata yote yana ushahidi.

Mzee Mihayo aliajiriwa Agosti 1970, akitokea Bujora, wakati mahali hapa palipokuwa kiwanda cha barafu cha shirika la umma. Mwaka 1992 shirika liliuzwa. Wamiliki wapya walikuta mashine, paa, na Mzee Mihayo. Kabati la michoro ya mabomba halikuwepo, na hakuna aliyejua limekwenda wapi. Tangu hapo ramani ya mabomba yote yaliyo chini ya uwanja wetu ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Bomba likipasuka, alitembea polepole uwanjani, akasimama, akakwaruza ardhi kwa kisigino na kusema wachimbe hapo. Walichimba, na bomba lilikuwa hapo.

Mwaka 1996 alijiundia kompyuta nyumbani kwake Igogo. Kasha lake ni bati la mlango wa jokofu bovu. Vitu vya ndani vilikuwa vimetupwa na ofisi mbalimbali za mjini, akavikusanya kimoja kimoja. Kilichomshinda kupata kwa urahisi ni kadi ya picha, yaani kile kibao kinachotengeneza picha inayoonekana kwenye kioo. Programu ya kuchorea ilihitaji kadi yenye nguvu, na ya namna hiyo aliipata moja tu, kuukuu, kwa Faizan mtengeneza televisheni. Feni yake ndogo ilikuwa imekufa, na nyingine ya kuiweka haikuwepo Mwanza wala Nairobi. Kadi ilifanya kazi dakika ishirini, ikapata moto, kioo kikajaa michirizi, na kila alichokichora kikapotea.

Aliielekezea feni ya mezani. Ilisaidia mpaka wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kwa mawingu, walipoifuata taa yake. Feni iliwavuta na kuwapuliza ndani ya kasha kwa uaminifu mkubwa. Aliwazoa kwa kijiko. Wakati huo yalikuwa mambo ya kujifurahisha tu, na sisi kazini tulimtania tukimwita Injinia wa Inzi. Hakujali.

Mapema mwaka huu utani uliisha. Masoko ya ng'ambo yalifunga milango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya kipindupindu, na wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili wakaambiwa wasubiri nyumbani. Walibaki walinzi, maabara, fundi mkuu na stoo. Ili kiwanda kirudi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuuza nje, wakaguzi walitaka mambo mengi, na mojawapo lilikuwa ramani ya maji yote ya kiwanda: kila bomba linakotoka, na kila koki iwe na namba yake kwenye karatasi na kibao chenye namba hiyohiyo ukutani. Kompyuta ya ofisini iliweza kuandika na kuchapa, kuchora haikuweza. Mchoraji wa kutoka Dar angechora anachokiona, na yaliyo mengi hayaonekani. Meneja wetu, Bwana Liaqat, alimwita Mzee Mihayo na kumwambia waziwazi kwamba watu mia tatu na kumi na wawili wanaisubiri ramani hiyo.

Hivyo kile kibao cha Faizan kikawa na kazi kubwa kuliko umri wake. Mzee Mihayo, aliyekuwa amepoza kila kitu hapa kwa miaka mingi, aliamua kukipoza kwa maji. Alikuja stoo kuomba futi moja ya bomba jembamba la shaba. Mwandishi alikataa, kwa sababu hati haikutaja mashine yoyote ya kiwanda, na akaongeza maneno kuhusu watu wazima wanaomwagia umeme maji. Mzee Mihayo alisema sawa, mama, akaenda kwenye chuma chakavu na kuchukua kipande kilichopinda.

Alilehemu kijisanduku cha shaba chenye ukubwa wa kiberiti, akakibana juu ya ile sehemu ya kadi inayopata moto, na kukiunganishia mipira miwili. Mpira mmoja ulitoka kwenye ndoo iliyowekwa juu ya kabati, wa pili ulishuka kwenye ndoo iliyokaa sakafuni. Pampu hakuweka. Maji yalishuka yenyewe, yakipunguzwa kasi kwa kibanio cha nguo, na ndoo moja ilichukua kama saa nzima kuisha. Kisha mkewe, Mama Kashindye, aliipandisha ya chini juu. Siku ya kwanza alimwuliza mumewe, "Kompyuta gani hii inakunywa maji kuliko ng'ombe?" Hata hivyo aliipandisha.

Hapa ndipo fundi wetu alipofanya kosa ambalo fundi wa redio asingelifanya. Mtu wa majokofu huamini kwamba baridi ikizidi ni heri zaidi. Alibeba barafu ya kiwandani na kuitia kwenye ndoo ya juu. Zilikuwa siku za mvua za El Nino na hewa ilikuwa imelowa. Kijisanduku cha shaba kilianza kutoa jasho, jasho likadondokea kibao, na kioo kikawa cheusi. Huyu ndiye mtu aliyetufundisha sote kwamba bomba la baridi lisilovalishwa gamba la kuzuia joto hutoa jasho, na ambaye amevalisha mabomba hayo kwa mikono yake kila mwaka. Kadi aliianika siku mbili kwenye mkeka wa mkewe, pembeni ya dagaa. Ilifufuka, na mpaka leo ikipata joto hunukia kidogo.

Barafu ikaachwa. Maji ya ziwani nayo yaliota utando wa kijani kwenye mipira baada ya wiki mbili, kwa hiyo akahamia maji yaliyochemshwa na kutiwa klorini kidogo, kama tunavyotia hapa. Ya kawaida, yasiyo baridi, mradi yasisimame. Tangu hapo kadi haikuzima tena. Mzee Mihayo alianza kuhesabu kazi yake kwa ndoo: uwanja wa nyuma ndoo kumi na nne, chumba cha kukatia minofu ndoo ishirini na mbili. Mwishoni mwa Aprili ramani ilikuwa tayari, yenye koki hamsini na saba.

Mkaguzi alifika Alhamisi, tarehe 14 Mei. Alitembea na ramani mkononi, akifuatana na Bwana Liaqat, Mzee Mihayo, na Sabina wa maabara aliyekuwa akitafsiri. Kila koki ilikuwa mahali pake. Saa saba kasoro walifika nyuma ya karakana, na mkaguzi akasimama mbele ya koki ya shaba iliyong'aa kwa kushikwa. Haikuwa na kibao. Kwenye ramani haikuwepo.

Ilikuwa koki ya Mzee Mihayo mwenyewe. Alinawa hapo kila asubuhi na alikunywa hapo kila mchana. Aliijua kiasi kwamba hakuiona tena, sawasawa na lile jasho.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisema ataondoka saa kumi kwenda kupanda kivuko cha Kigongo, na ramani sahihi ikimfikia kabla ya hapo ataipokea. Akauliza koki hiyo inapata maji wapi. Mwandishi alikuwa mlangoni mwa stoo na alisikia yote. Lilikuwapo jibu rahisi: bomba la maji yaliyosafishwa linapita hatua tatu tu kutoka hapo, na hakuna binadamu mwingine aliyejua vinginevyo.

"Hii inatoka ziwani moja kwa moja," Mzee Mihayo alisema. "Haijapita kwenye klorini."

Sabina hakutafsiri mara moja. Bwana Liaqat aliuliza taratibu, "Mzee, una hakika?"

"Nimeifunga mwenyewe, mwaka sabini na tatu. Mtafsirie, binti yangu."

Maji ambayo hayajasafishwa ndani ya kiwanda cha chakula ni sababu tosha ya kufeli. Mwandishi aliogopa, na anakiri kwamba kwa dakika chache alimkasirikia sana mzee huyu. Mzee Mihayo hakungoja kukasirikiwa. Alichukua spana, akafunga maji chini ya ardhi, akaikata ile koki na kuziba tundu mbele ya mkaguzi. Kisha akaenda Igogo kwa miguu, kwa mwendo ambao hatukuwahi kumwona nao.

Jua lilikuwa limepiga bati la nyumba yake tangu asubuhi. Mama Kashindye ametusimulia kwamba maji ya ndooni yalikuwa vuguvugu, na kwamba mumewe alilegeza kibanio mpaka mwisho ili yapite kwa kasi. Ndoo ya juu ikawa inaisha kwa robo saa. Mama Kashindye alizipandisha mara sita, akiwa hajala, na mara ya tano michirizi ilitokea pembeni mwa kioo. Mzee Mihayo aliondoa mikono, akasubiri maji yapite, michirizi ikafutika, akaendelea. Alichora bomba lile lote kwa rangi nyekundu kutoka ziwani hadi karakana, akaandika mwishoni: namba 58, maji ya ziwa, imefungwa leo. Saa kumi kasoro dakika kumi disketi ilikuwa ofisini na ramani ikawa inatoka kwenye printa.

Mkaguzi aliisoma akiwa amesimama. Kwa maelezo ya Sabina, alisema koki hamsini na saba aliziamini kwa sababu ya ile ya hamsini na nane. Kiwanda kilirudi kwenye orodha, na mwezi wa Julai watu mia tatu na kumi na wawili waliingia tena getini. Wachache walijua kilichopita kati ya saa saba na saa kumi siku ile. Sasa wanajua wote.

Mengine aliyoyafanya ni mengi: chumba cha baridi namba tatu, mtambo wa klorini, na mafundi sita aliowafundisha, ambao wote sasa huvalisha mabomba bila kukumbushwa. Ramani iko ukutani ofisini. Wakipasukiwa na bomba wanaitazama, na wanachimba panapotakiwa. Pamoja na hayo tutamkosa yule mtu wa kisigino, na hilo halina namba ya kuandikia.

Anahamia Bujora na Mama Kashindye, ambaye naye tunamshukuru kwa mabega yake. Kompyuta inaenda nao. Bado inatumia kibanio cha nguo, jambo ambalo kwa fundi wa hadhi yake si zuri. Siku ya kuagana atakabidhiwa koki moja ya shaba, iliyosuguliwa, yenye kibao cha namba 58, aifunge kwenye ndoo ya juu.

Mzee Mihayo, shikamoo. Ahsante kwa maji, na kwa kusema ukweli juu yake. Uwe na afya, na siku zako ziende taratibu bila kusimama. Hati ya koki nimeijaza mwenyewe. Kwenye nafasi ya kuandika mashine inayohusika nimeandika: kompyuta ya Mzee Mihayo. Kwenye tarehe ya kurudisha nimeandika: hairudishwi.

Paskazia Masalu
Mtunza stoo