Salamu za Getini Zilivyofika Wodini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, msukuma machela wetu mkongwe anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi tunamwita Honi, kwa kuwa hajawahi kukata kona ya korido bila kupiga honi kwa mdomo. Daktari bingwa mmoja aliwahi kulalamika kwamba hospitali si barabara. Baadaye akaumwa tumbo, na alipokuwa akipelekwa chumba cha upasuaji alimwomba Honi apige mbili.

Alianza kwa kufagia ua, akahamia kwenye kufua mashuka, kisha akapewa machela. Wagonjwa aliwaita dada, kaka, bibi au mzee wangu, na kila mmoja alimhakikishia kwamba leo njia ni nyeupe. Akichoka, hukaa kwenye kiti chake cha mbao kando ya mlango wa wodi, akisalimia kila apitaye.

Lakini wengi watamkumbuka kwa kipindi cha janga. Ndugu wa wagonjwa walizuiwa getini. Ndani, sote tulivaa barakoa na magauni yanayofanana, na mgonjwa hakujua nani ni nani. Wenye simu walipiga. Wasio na simu, au wasio na pumzi ya kuongea, walibaki kutazama dari. Honi akajipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kupokea maneno ya ndugu getini na kuyafikisha kitandani kwa sauti ileile ya aliyeyatuma. Mama akibembeleza, Honi alibembeleza. Shangazi akigomba, Honi aligomba, mkono kiunoni.

Siku moja mke wa fundi viatu mmoja aliyelazwa kwetu alifika amewaka. Alikuwa amesikia kwamba mumewe amegoma kula. Akamkabidhi Honi maneno haya: "Acha deko, mzee. Kula. Kiti chako hakuna anayekikalia."

Honi akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha dirishani, alikolazwa fundi, akayashusha kama alivyoyapokea. Hakujua kwamba asubuhi ile wagonjwa walikuwa wamehamishwa vitanda. Aliyelala pale alikuwa mzee mwingine, aliyeokotwa barabarani na wasamaria, asiye na mtu wa kumuulizia. Naye pia alikuwa amegeukia ukuta, hataki hata kijiko, na wauguzi walikuwa wameanza kuhofia maisha yake. Mzee akageuka, akajiinua, akaomba uji.

Honi alirudi getini kuomba radhi. Mke wa fundi viatu alicheka hadi akafuta machozi, kisha akamtuma upya: maneno kwa mumewe, na mengine kwa yule wa dirishani. Tangu hapo alituma mawili mawili, na wote wawili waligombwa bila upendeleo. Honi alipomweleza mzee wa dirishani ukweli, mzee alijibu kwamba aliujua tangu mwanzo, maana yeye hakuwa na kiti popote. Ila maneno yalikuwa matamu, akaona ayale pamoja na uji.

Janga lilipotulia, uongozi uliwauliza wagonjwa walioruhusiwa waliridhishwa na nini. Walisifu mashine za oksijeni. Chakula chetu walikiponda bila huruma. Lakini jibu lililojirudia ni kwamba walikuwa wamegombwa vizuri. Mganga mkuu alidhani amesoma vibaya. Leo kufikisha salamu za getini ni kazi rasmi na ina zamu yake.

Wazee wale wawili walitoka kwa miguu yao, nao wako nasi ukumbini leo kumuaga Honi. Yule wa dirishani anaishi kwa fundi viatu, anamwita mama mwenye nyumba shemeji, na bado anagombwa.

Honi, asante kwa kila kona. Mkeo ametuonya kwamba nyumbani honi hazitakiwi, nasi tunakuachia kesi hiyo. Tunakutakia afya, usingizi mnono wa mchana na njia nyeupe. Kupumzika kukikuchosha, pita utusalimie. Kiti chako hakuna atakayekikalia.